Jino Bovu: Kulitibu, au Kuling'oa na Kupandikiza Jengine?

Katika vituo vya afya vya Unguja, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, tiba ya meno inayotolewa kwa wingi kuliko nyengine zote ni kung'oa. Sababu zake zinaeleweka. Mtu huvumilia jino kwa miezi, akisukutua kwa maji ya chumvi na kubana karafuu, hadi usiku mmoja maumivu yakamshinda. Asubuhi anapofika kwa daktari huwa na ombi moja tu, nalo ni kuondolewa adha ile siku hiyo hiyo. Kung'oa ni kazi ya muda mfupi na gharama yake ni ndogo.

Miaka ya karibuni imezuka kauli inayourahisisha zaidi uamuzi huo: kwamba lililong'olewa litarudishwa kwa kipandikizi, yaani jino la bandia lenye mzizi wa madini uliokazwa ndani ya mfupa wa taya. Kauli hiyo ina ukweli, lakini ukweli wake una masharti, na mengi ya masharti hayo huanza kuhesabika kabla jino la asili halijatoka kinywani.

Jino si jiwe. Chini ya gamba lake gumu kuna tabaka laini zaidi, na ndani kabisa mna kiini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vya kinywani huigeuza sukari ya halua, tende na chai kuwa tindikali, nayo hulila gamba kidogo kidogo. Jino linaloshtuka kwa maji ya barafu kisha likatulia mara moja, kwa kawaida bado linatosheka na kuzibwa. Linalopwita lenyewe usiku, au linaloendelea kuuma muda mrefu baada ya chai ya moto, aghlabu kiini chake kimeshaathirika. Maumivu makali yakikoma ghafla bila ya tiba, mgonjwa asishukuru mapema: mara nyingi maana yake ni kwamba kiini kimekufa, na usaha utafuata.

Karafuu yetu, tuseme kwa haki, si imani tupu. Mafuta yake yana kemikali iitwayo eujenoli, ambayo madaktari wa meno duniani huichanganya na oksidi ya zinki na kuitumia kuzibia jino kwa muda. Hata hivyo inatuliza tu, haitibu. Na mafuta yakitiwa kwa wingi huunguza ufizi.

Kiini kikiharibika, bado jino linaweza kuokolewa kwa tiba ya mzizi. Daktari hupiga sindano ya ganzi, hulitoboa jino kwa juu, huondoa kiini kilichooza, husafisha mifereji ya mizizi kwa sindano nyembamba na dawa, kisha huijaza na kuifunga. Kazi hii huchukua miadi mmoja hadi mitatu, nayo huhitaji picha za eksirei. Gego lililotibiwa hivyo limeshapoteza sehemu kubwa ya mwili wake na huweza kupasuka kwa kutafuna, kwa hiyo linastahili kuvikwa taji. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu: wakishapata nafuu huona taji ni anasa, na baada ya mwaka au miwili gego hupasuka na fedha ya tiba nzima hupotea. Asiye na uwezo wa kulipia taji na amwambie daktari mapema, ili achague namna nyengine ya kulikinga jino hilo.

Si kila jino linaokoka. Mzizi uliopasuka kwa urefu hauna tiba ya kutegemewa. Jino lililooza hadi chini ya ufizi, lisibakie hata milimita mbili za mwili mzima wa kushikia taji, halitadumu. Vivyo hivyo jino linalotikisika kwa sababu ugonjwa wa fizi umeshaula mfupa unaolishika. Wakaazi wa Mji Mkongwe wanaijua hesabu hii kwa nyumba zao: paa linalovuja hutengenezwa, lakini msingi ukishaondoka, chokaa ya ukutani haizuii kitu. Katika hali hizo kung'oa ndiyo tiba, na kuchelewa ni kulea usaha.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo. Kwa karne nyingi walikuwa sahihi kabisa. Mambo yalibadilika pale Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi, katika miaka ya 1950, alipogundua kuwa mfupa hai hushikamana na madini ya titani. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza. Leo skrubu ndogo ya titani hukazwa katika taya, huachwa kwa kawaida miezi mitatu hadi sita ishikane na mfupa, kisha huvikwa jino juu yake. Ni tiba nzuri kwa aliyekwishapoteza jino. Lakini yataka mfupa wa kutosha, na mfupa wa taya hunywea baada ya jino kung'olewa, khasa katika mwaka wa kwanza. Anayesema "nitapandikiza baadaye" kisha akakaa miaka mitano huenda akaambiwa kwanza aongezewe mfupa, jambo linalozidisha muda na gharama. Kwa hiyo mwenye nia hiyo aitaje kabla ya kung'olewa, si baada yake.

Uvutaji sigara na kisukari kisichodhibitiwa huongeza uwezekano wa kipandikizi kushindwa. Vijana ambao taya zao bado zinakua husubiri. Aliyewahi kutibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni, au anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, ni lazima amwarifu daktari hata kabla ya kung'olewa jino.

Kwa uimara, tafiti za nchi mbalimbali zinaonesha kuwa takriban vipandikizi 95 katika kila 100 huwa bado vimo kinywani baada ya miaka 10; meno yaliyotibiwa mzizi hufikia takriban 87 katika kila 100 baada ya miaka minane hadi kumi. Msomaji asiharakishe kuona mshindi. Jino lililotibiwa likishindwa, njia ya kipandikizi bado ipo. Kipandikizi kikishindwa, jino la asili halirudi. Tena jino la asili limefungwa kwa nyuzi hai zinazohisi hata changarawe iliyomo katika wali, jambo ambalo skrubu haliwezi. Na kipandikizi, ijapokuwa hakiozi, fizi zake huugua na mfupa wake huliwa kama hakisafishwi.

Zipo pia gharama zisizoandikwa katika risiti. Anayekwenda Dar es Salaam kwa kipandikizi ahesabu nauli ya boti mara kadhaa, siku za kazi, na safari za marudio iwapo kitu kitalegea. Mwanachama wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar aulize mapema kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi. Asiyemudu kipandikizi anayo meno ya bandia ya kuvaa na kuvua, au daraja linaloshikizwa kwa meno ya jirani. Na pengo la gego la mwisho mara nyingi laweza kuachwa lilivyo.

Kabla ya kukubali kung'olewa, mwananchi ana haki ya kuuliza: jino hili laweza kuokolewa? Eksirei inaonesha nini? Nikiling'oa, pengo litajazwa kwa nini, lini, na kwa kiasi gani? Daktari akisema hana vifaa vya tiba ya mzizi, aombwe barua ya rufaa, kwa mfano ya Hospitali ya Mnazi Mmoja, na dawa ya kutuliza maumivu wakati wa kusubiri. Lakini uvimbe wa shavu wenye homa, au unaozuia kumeza na kupumua, usisubiri miadi. Huo ni wa kupelekwa hospitali saa hiyo hiyo.

Jambo la mwisho ni la wazazi na walimu wa skuli. Mtoto akianguka na jino la ukubwani likatoka zima, lishikwe kwa upande wa juu, si kwa mzizi. Lisuuzwe kidogo bila ya kusuguliwa, lirudishwe katika tundu lake au litiwe katika maziwa, na mtoto afikishwe kwa daktari ndani ya saa moja. Jino la utotoni halirudishwi.