Iafoni za bei poa: kesi ya mpira, si ya spika

Iafoni ya bei poa ikilaumiwa kwamba haina besi, mara nyingi spika inaonewa. Mwenye kesi ni ule mpira mdogo wa silikoni unaoingia sikioni. Usipobana pande zote unaacha mwanya, na mwanya mwembamba tu unatosha kuvujisha sauti nzito zisifike kwenye ngoma ya sikio. Hapohapo ndipo unapopita mngurumo wa injini ya daladala na kelele za konda. Abiria anaongeza sauti ili aifunike injini. Hapo anahatarisha masikio: kwa usikilizaji salama, Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hivyo kwa desibeli 86 zinabaki saa 10 tu.

Pima kwanza. Weka wimbo wenye besi, kisha isukume iafoni polepole kwa kidole. Besi ikijaa ghafla, spika ni nzima na tatizo ni kuziba. Jaribu mipira ya saizi nyingine iliyokuja kwenye pakiti, ile ambayo wengi huitupa pamoja na boksi. Masikio ya mtu mmoja huenda yasilingane, kwa hiyo usione ajabu kulia ukahitaji mkubwa na kushoto mdogo. Wakati wa kuvaa, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, maana njia yake ina kona.

Mipira hiyo isipotosha, hamia kwenye sponji. Vizibo vya masikio vya viwandani, vile vya rangi ya njano au ya machungwa vinavyobonyea na kujirudisha taratibu, ndiyo malighafi bora ninayoijua kwa kazi hii. Vikivaliwa sawasawa, vilivyo bora hupewa alama ya kupunguza kelele ya hadi desibeli 33 katika vipimo vya maabara vya Marekani. Mtaani hupungua, lakini bado vinaishinda silikoni nyembamba. Pia haviumizi haraka, kwa kuwa sponji hufuata umbo la sikio na kugawa mkandamizo.

Ugumu uko kwenye kutoboa. Msumari wa moto usiutumie: baadhi ya sponji ni za PVC, moshi wake ni sumu, na tundu hubaki na kingo ngumu zinazokwaruza. Chukua kipande chembamba cha arieli ya redio mbovu, noa ukingo wake kwa msasa, kisha kizungushe taratibu katikati ya kizibo mpaka kitokee upande wa pili. Kata kizibo kibaki na urefu wa kama milimita 12. Sasa chukua mpira wa zamani wa silikoni, kata mwavuli wake, ubaki na kijibomba cha ndani, na ukipenyeze kwenye lile tundu. Wengi huiruka hatua hii, halafu wanashangaa sauti imefifia: sponji ikibanwa sikioni, tundu lisilo na kijibomba hujifunga. Kijibomba ndicho pia kinachoshika shingo ya iafoni ili sponji isibaki ndani unapoivua.

Gundi na silikoni ya kuzibia madirisha visikaribie sikio. Sponji ikichafuka kwa nta, badilisha. Zile iafoni bapa zinazokaa mlangoni mwa sikio bila kuingia ndani hazina pa kufunga kizibo. Utaongeza starehe kwa kuzivika sponji nyembamba, lakini kelele hazitazuilika.

Ukishaziba vizuri utasikia kero mpya: waya unaosugua shati, na kishindo cha hatua zako mwenyewe. Waya upitishe juu ya sikio, ushuke nyuma, ubanwe kwenye kola. Hatua utazizoea tu, kwa sababu sauti yake inapitia mifupani. Na mwendesha bodaboda aliyezibwa hivi hasikii honi ya lori nyuma yake. Hiki ni kifaa cha abiria aliyekaa.