Hela Yenye Tarehe

Duka la mangi la mtaani kwetu Olasiti, Arusha, lilikuwa na kaunta buku lililochakaa, ambalo mangi aliliweka chini ya mzani. Ndilo daftari la madeni. Karibu kila nyumba ilikuwa na ukurasa wake humo, isipokuwa yetu. Watu wangeweza kudhani tunajiweza. Ukweli ni kwamba hatukuwa watu wa kukopeshwa. Koko, bibi yangu mzaa mama, aliuza mnavu na mchicha kwenye beseni, akilea wajukuu watatu. Leo anapata, kesho anarudi na majani yamenyauka. Mangi angemwandikaje mtu ambaye hata mwenyewe hajui lini atashika shilingi?

Koko aliandikwa humo kwa mara ya kwanza mwaka 2015: kilo mbili za unga na kipande cha sabuni. Nilikuwa darasa la saba, na nakumbuka alivyotoka dukani akitembea kama aliyepewa cheti. Mtu mwingine huona aibu kuwa na deni. Kwake deni lile lilikuwa heshima, maana lilionyesha kwamba sasa anaaminika.

Kilichokuwa kimebadilika ni kwamba tulikuwa tumeingizwa kwenye Mpango wa Kunusuru Kaya Masikini, ule ulioendeshwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Mfuko wenyewe ulianzishwa mwaka 2000, ukijulikana zaidi kwa kujenga madarasa na zahanati. Mwaka 2010 ukaanza kujaribu kuwapa watu fedha mkononi katika wilaya tatu: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Awamu ya tatu ilipozinduliwa mwaka 2012, mpango ukasambazwa nchi nzima.

Kuingia kwenyewe hakukuwa jambo jepesi. Majina yalitajwa kwenye mkutano wa hadhara, majirani wakisema nani hana kitu. Kisha kaya zilihojiwa nyumbani: mnakula mara ngapi, paa la nini, mna mifugo? Orodha ilirudishwa mkutanoni isomwe tena, watu wakubali au wapinge. Koko alikaa nyuma kabisa, kanga kaivuta hadi usoni. Mzee mmoja aliposema, "Yule anayelea watoto wa marehemu, mwandikeni," aliinamisha kichwa. Kuitwa masikini mbele ya mtaa mzima kunauma, hata kama ndicho kitakachokuokoa. Wapo pia waliorudi nyumbani wamenuna kwa kuwa hawakuandikwa, na baadhi yao hali zao hazikuwa mbali na yetu.

Hesabu ya wakati ule ilikuwa hivi. Kila kaya ilipata shilingi 10,000 za msingi kwa mwezi. Kaya yenye mtoto iliongezewa 4,000. Halafu kulikuwa na fedha za masharti: 2,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi, 4,000 kwa wa kidato cha kwanza hadi cha nne, na watoto wadogo ilibidi wapelekwe kliniki. Mwanafunzi akiwa mtoro, sehemu yake ilikatwa. Sisi watatu tulikuwa shule ya msingi, kwa hiyo kaya yetu ilipata 20,000 kwa mwezi. Malipo yalitolewa kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo Koko alipokea 40,000.

Najua unachowaza: elfu arobaini kwa watu wanne, miezi miwili? Ni kweli, haitoshi kula. Lakini masikini hanyanyaswi na uchache wa hela peke yake. Ananyanyaswa pia na kutojua itakuja lini. Asiyejua hununua unga nusu kilo nusu kilo, na kipimo kidogo ndicho ghali. Baada ya malipo ya pili, Koko alisubiri mavuno, akapanda hais hadi soko la Kilombero, akarudi na debe zima la mahindi. Zamani tulikuwa tunanunua kwa sado, wakati wa kiangazi, bei ikiwa imepaa.

Hela ya kwanza kabisa ilinunua viatu vya mdogo wangu wa mwisho na mitetea miwili. Baadaye nilisoma kwamba watafiti walipofanya tathmini ya majaribio ya Bagamoyo, Kibaha na Chamwino, walikuta hayohayo: watoto wenye viatu waliongezeka, mifugo midogo iliongezeka, na kaya nyingi zaidi zilijiunga na bima ya afya. Hakuna aliyewaelekeza wanunue viatu. Mzazi anajua mwenyewe pa kuanzia.

Kwetu kuku hawakufika mbali, kwa kuwa mdondo ulipita ukabakiza kuku mmoja. Koko hakulia. Alisema, "Mwezi ujao upo." Mwaka uliotangulia asingekuwa na neno hilo la kusema.

Akaanza tena, safari hii akiwa ndani ya kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana cha akina mama walengwa wa mpango. Kisanduku chao kilikuwa na kufuli tatu, na kila ufunguo ulikaa kwa mama mmoja, ili asiwepo wa kukifungua peke yake. Alikopa humo mara mbili, akanunua chanjo ya kuku kwanza, kuku baadaye.

Januari 2016 nikaingia kidato cha kwanza, mwaka uleule ada ilipofutwa sekondari. Ada ilifutwa, lakini sare, madaftari na soksi havikufutwa. Mangi aliniandikia madaftari sita kwenye ukurasa wa Koko bila kuuliza.

Kuna wanaosema ukimpa masikini hela ataipeleka kilabuni. Watafiti David Evans na Anna Popova walikusanya tafiti za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini kuhusu hilo, wakakuta kwamba kwa ujumla matumizi ya pombe na tumbaku hayaongezeki. Na hela haiishii kwa aliyepewa. Kule Siaya, Kenya, shirika la GiveDirectly liligawa takriban dola 1,000 kwa kila kaya, zaidi ya kaya 10,000. Watafiti wakakadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizaa kama dola mbili na nusu katika uchumi wa eneo lile, hata kwa wasiopewa. Mimi nilimwona mangi wetu akiongeza rafu.

Leo mashamba ya Olasiti yanageuka viwanja na nyumba zinaota kila upande. Mimi ni fundi umeme, nazivutia nyaya nyumba hizo. Nikipata tenda, namtumia Koko kwa simu, wakati mwingine laki moja kwa mpigo. Mwezi jana nilipita kumsalimu, nikajisifu kidogo.

"Hela yako ni kubwa, mjukuu wangu," akasema, akinimiminia chai. "Lakini haina tarehe. Mangi akiniuliza nitalipa lini, nimwambie nini?"