Glavu za Kusafishia Bwawa la Samaki

Mtu apandaye kutoka Nyeri mjini kuelekea Wamagana, hali safu ya Nyandarua iko mbele yake, hupita katikati ya michai na mibuni, na aghalabu, penye bonde lenye kijito, hukuta bwawa la samaki. Mengi ya mabwawa ya nchi hii yalitokana na mpango wa serikali ya Kenya wa mwaka 2009 wa kuinua uchumi, ulioazimia kuchimba mabwawa 200, kila moja la mita za mraba 300, katika kila eneo bunge miongoni mwa 140 yaliyoteuliwa. Juu ya vifaranga na chakula chao wakulima wamefundishwa mengi. Juu ya mikono ya yule anayeingia kuzoa tope, machache mno.

Na tope hilo si la kudharauliwa. Ndani yake mna samadi iliyotiwa kurutubisha maji, mabaki ya chakula na mkojo wa panya, ambao huweza kuleta ugonjwa wa leptospirosisi kwa kupenya mahali palipochubuka. Kadhalika tilapia ana miiba mgongoni, na kambare ana mwiba mgumu kila upande, nyuma ya kichwa, unaomtoboa mtu amshikaye kwa pupa.

Basi jambo la kwanza kutazamwa dukani ni urefu wala si unene, kwa kuwa glavu fupi za kuoshea vyombo, zinazoishia juu kidogo ya kifundo, huingia maji mara tu mkono unapozama kutafuta bomba lililoziba. Zitakikanazo ni zile zinazopita kiwiko, na kwa bwawa lenye kina, zinazofika begani. Glavu za ngozi na za kitambaa ziachwe kwa jembe, maana hufyonza maji. Za PVC ni imara, ila katika baridi ya Julai hukakamaa hata vidole vikashindwa kufunga fundo la wavu. Mpira asilia hubaki laini, lakini wako wawashwao nao. Kwa maoni yangu nitrili ndiyo bora, kwa kuwa haina mwasho huo na hustahimili kutobolewa kuliko mpira. Penye alama ya EN 388, tarakimu ya nne ndiyo ya kutobolewa, ingawa jaribio lake hufanywa kwa ncha nene ya chuma, kwa hiyo hata 4 si dhamana mbele ya mwiba wa kambare.

Hadhari kubwa zaidi ni wakati wa kunyunyiza chokaa bwawa likiisha kukaushwa. Chokaa isiyozimwa huunguza ikikutana na unyevu, na iingiapo ndani ya glavu hunaswa penye ngozi, ikadhuru kuliko ambavyo ingeudhuru mkono mtupu uoshwao papo hapo. Kwa hiyo kila mara, kabla ya kazi, kunja mdomo wa glavu unase hewa, uitumbukize katika ndoo ya maji safi na kuibana: ikitoa mapovu, iende kushikia majani ya ng'ombe, na jozi nyingine inunuliwe kabla ya siku ya chokaa.