Unapanga kupanda Mlima Kenya? Hesabu siku kabla ya pesa

UMEONA picha za mabeste wako kileleni, bendera mkononi, jua likichomoza nyuma yao. Sasa kwenye grupu ya WhatsApp mmeanza: "Twende wikendi, Ijumaa hadi Jumapili tumemaliza." Ngoja kwanza.

Vijana wengi wanaorudi bila kufika juu hawakukosa nguvu. Waliharakisha. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Point Lenana, kilele unachoweza kufika kwa miguu tu, kiko mita 4,985. (Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, waachie wakwea miamba wenye kamba.) Ukipanda mbio, mwili haupati muda wa kuzoea hewa yenye oksijeni kidogo. Kichwa kinagonga, tumbo linachafuka, usingizi unapotea. Hata jamaa wa jimu kila siku hana kinga.

Ongeza usiku

Chukua njia ya Sirimon, upande wa Nanyuki. Lango liko mita 2,650. Unalala Old Moses, mita 3,300, kisha siku ya pili unapanda hadi Shipton's, mita 4,200. Hizo ni mita 900 kwa siku moja, ilhali ushauri wa madaktari ni kwamba ukishapita mita 3,000, mahali unapolala pasizidi pa jana kwa zaidi ya mita 500. Katikati hakuna kambi ya kutosha kugawa safari hiyo, kwa hivyo lala Old Moses usiku mbili na Shipton's mbili. Siku ya mapumziko, tembea juu kidogo halafu urudi kulala chini. Jumla, tenga siku tano.

Mwenzako akianza kuyumba kama mlevi, kuongea mambo yasiyoeleweka, au kukosa pumzi hata akiwa amekaa, mshusheni hapo hapo. Usiku au mvua, msingoje asubuhi, na asishuke peke yake. Ugonjwa huo unaua.

Miezi, nguo, doo

Januari na Februari, au Julai hadi Septemba, kwa kawaida huwa na mvua kidogo. Usiku Shipton's maji huganda, kwa hivyo jaketi nzito, glavu, kofia na tochi ya kichwani si mapambo. Gikomba na Toi utapata jaketi poa kwa bei nafuu. Jinzi ziache nyumbani, zikilowa hazikauki.

Ada za KWS hulipwa kupitia eCitizen. Angalia bei za sasa kabla hamjachanga, kisha ongeza chakula, malazi, mwelekezi na wapagazi. Pesa zikipungua, kateni idadi ya picha za studio na nyama choma ya Nanyuki, msikate siku wala mwelekezi.

Unaenda kwa wenyewe

Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru, huu ni mlima wa Mungu. Wakikuyu huuita Kirinyaga, na wazee waliomba wakiuelekea. Majina Batian, Nelion na Lenana nayo ni ya viongozi wa kiroho wa Wamaasai, yaliyowekwa na Mwingereza Halford Mackinder alipofika kilele cha juu mwaka wa 1899.

Wapo wanaopanda hadi leo ili kusali. Ukiwakuta, zima spika, usiwapige picha bila ruhusa, wala usiguse walichoacha. Taka zako rudi nazo, hadi karatasi ya peremende.

Kwa hivyo leo jioni, kabla ya mtu kuuliza "ni ngapi kila mtu?", tuma swali hili kwenye grupu: "Nani anaweza kupata siku tano?" Wasioweza, wangoje likizo. Mlima hauhami.