Nicodemus: makazi ya watu 14 katika Kaunti ya Graham

Nicodemus ni makazi ya wakulima kaskazini-magharibi mwa jimbo la Kansas, Marekani, kando ya barabara kuu namba 24 na karibu na mto Solomon wa kusini. Sensa ya mwaka 2020 iliwakuta watu 14 tu. Hakuna meya, hakuna baraza la mji, wala hakuna polisi wa mahali hapo, kwa kuwa kisheria Nicodemus si mji. Hata hivyo ni miongoni mwa makazi ya zamani yaliyoanzishwa na watu weusi magharibi ya mto Mississippi baada ya utumwa kukomeshwa, na bado yapo.

Marekani ina maelfu ya makazi kama haya ambayo kisheria si miji. Kijiji cha Tanzania huandikishwa na kuwa na halmashauri yake, lakini kule mkusanyiko wa nyumba unaweza kudumu zaidi ya karne moja bila kupewa hadhi yoyote ya kiutawala. Wakazi wakitaka kuwa mji wenye mamlaka, wanapaswa kufuata taratibu za jimbo, kisha kubeba wenyewe mzigo wa maji, taa za barabarani, mikutano na kodi. Pale walipobaki watu wachache, mzigo huo haubebeki. Kinachowahudumia basi ni kaunti, na chini yake taunishipu, ambayo ni kipande cha kaunti chenye viongozi wachache wa kuchaguliwa.

Kaunti ya Graham ni mojawapo ya kaunti 105 za Kansas. Isifikiriwe kwa mfano wa kaunti za Kenya, maana haina gavana wala bunge lake. Huongozwa na makamishna waliochaguliwa, pamoja na karani, mweka hazina na sherifu. Hao ndio wanaotunza barabara za changarawe, kuweka kumbukumbu za hati za ardhi, kukadiria na kukusanya kodi za mali, kuendesha uchaguzi na kulinda usalama. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 2,330, na mwaka 2020 lilikuwa na watu 2,415, yaani mtu mmoja hivi kwa kila kilomita ya mraba. Zaidi ya nusu yao wanaishi Hill City, makao makuu ya kaunti. Waliobaki wametawanyika katika miji midogo ya Bogue na Morland na kwenye mashamba. Nchi ni tambarare yenye mawimbi, miti hufuata mabonde ya mito tu, na upepo haukatiki. Hulimwa ngano na mtama, hufugwa ng'ombe, na huchimbwa mafuta.

Kilichowavuta watu weusi hadi huku kilikuwa ardhi. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mkuu wa kaya kujipatia ekari 160 za ardhi ya serikali kwa ada ndogo, mradi aishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa watu wa asili wa nyanda hizo, jambo ambalo halipaswi kuachwa nje ya hadithi hii. Mwaka 1877 majeshi ya shirikisho yaliyokuwa yakiwalinda watu weusi katika majimbo ya Kusini yaliondolewa, na watumwa wa jana wakaachwa mikononi mwa mabwana zao wa zamani. Mwaka huohuo W. R. Hill, mzungu aliyefanya biashara ya viwanja, na W. H. Smith, mhubiri mweusi, waliunda kampuni ya kuanzisha mji. Wanachama wake walikuwa saba, na wote isipokuwa Hill walikuwa weusi. Vipeperushi vikasambazwa katika jimbo la Kentucky vikisifu udongo, maji na hali ya hewa ya Kansas.

Septemba 1877 kundi la watu wapatao 300 lilitoka Kentucky kwa treni hadi stesheni ya Ellis. Kutoka hapo zilibaki zaidi ya kilomita 50 za kutembea nyikani. Walichokikuta kiliwavunja moyo wengi. Nyumba zilikuwa mashimo yaliyochimbwa ardhini, moshi ukitokea juu ya nyasi. Hakukuwa na miti ya kujengea wala kuni za kutosha, na msimu wa kupanda ulikuwa umekwisha. Familia kadhaa ziligeuza njia mara moja. Hill alilaumiwa kwa ahadi zake, na lawama hiyo ilikuwa ya haki.

Waliokaa walivuka majira ya baridi kwa misaada kutoka sehemu nyingine za Kansas na majimbo mengine, na kwa nyama waliyopewa na Waosage, mojawapo ya mataifa ya watu wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni. Kuni zao zilikuwa kinyesi kikavu cha nyati wa Amerika, na mifupa ya wanyama hao iliokotwa ikauzwa. Zana za kilimo zilikuwa chache mno, kwa hiyo ardhi ngumu iliyoshonwa na mizizi ya nyasi ililimwa kwa majembe na sepetu. Wanaume walikwenda mbali kutafuta vibarua kwenye reli na mashamba ya wenzao huku wanawake wakishika makazi. Zachary Fletcher, mmoja wa waasisi, alifungua posta na baadaye hoteli, naye mkewe Jenny Fletcher akafundisha watoto. Shule ilianza kabla makazi hayajawa na nyumba za kueleweka.

Kaunti ya Graham yenyewe ilikuwa bado haijapata serikali. Mipaka yake ilichorwa mwaka 1867 na jina likatokana na kapteni aliyeuawa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, lakini utawala ulianza mwaka 1880, wakati watu wa Nicodemus walikuwa tayari sehemu kubwa ya wakazi wake. Hawakupokea kaunti iliyoundwa na wengine. Walishiriki kuiunda. Edward McCabe, kijana aliyefika kutoka Chicago mwaka 1878, aliteuliwa karani wa kaunti ilipoanza, kisha akachaguliwa kwa kura. Mwaka 1882 wapiga kura wa Kansas, wengi wao wazungu, walimchagua kuwa mkaguzi mkuu wa hesabu wa jimbo, wakamrudisha tena mwaka 1884. Kabla yake hakuna mtu mweusi aliyewahi kuchaguliwa kushika wadhifa wa jimbo zima huko Kansas. Watu walioanza kwa kuishi mashimoni walikuwa wamemtoa kiongozi wa ngazi hiyo ndani ya miaka mitano.

Kufikia katikati ya miaka ya 1880 Nicodemus ilikuwa na maduka, hoteli, makanisa na benki, na magazeti yakafuata: la kwanza lilitoka mwaka 1886. Kilichokosekana ni reli. Katika nyanda hizo reli ndiyo iliyoamua hatima ya mji: bila stesheni mkulima alisafirisha ngano kwa mkokoteni kutwa nzima, na mfanyabiashara alinunua bidhaa kwa bei ya juu. Wakazi waliidhinisha hati za mkopo za dola 16,000 ili kuivuta kampuni ya Missouri Pacific, lakini mpango haukutimia. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilipitisha njia yake kusini ya mto, kilomita chache tu kutoka hapo. Kambi ya wajenzi wa reli ikawa mji wa Bogue, na wafanyabiashara wengi wa Nicodemus wakahamishia maduka yao huko, wengine na majengo yenyewe. Mwaka huohuo Hill City, uliopewa jina la yuleyule mfanyabiashara wa viwanja, ulishinda kinyang'anyiro cha kuwa makao makuu. Nafasi ya Nicodemus kuwa mji kamili ikaishia hapo.

Kilichofuata kiliikumba kaunti nzima. Mwaka 1910 Graham ilikuwa na watu zaidi ya 8,000, mara tatu na zaidi ya idadi ya sasa. Ukame na dhoruba za vumbi za miaka ya 1930 ziliharibu mashamba, madeni yakawang'oa wengi, na baada ya hapo trekta na mashine za kuvuna zikaondoa hitaji la mikono mingi. Posta ya Nicodemus ilifungwa mwaka 1953. Vijana walikwenda Denver, Topeka, California na kwingineko. Veryl Switzer, aliyezaliwa hapo mwaka 1932, alicheza kandanda ya Kimarekani katika timu ya Green Bay Packers kabla ya kufanya kazi ya uongozi chuo kikuu.

Makazi yameponea kwa wale waliohama. Kila mwisho wa Julai uzao wa waasisi hurejea kwa mamia kutoka majimbo mbalimbali. Sherehe hiyo ilianza zamani kama kumbukumbu ya Agosti 1 mwaka 1834, siku sheria ya kukomesha utumwa ilipoanza kutumika katika makoloni ya Uingereza, yakiwamo ya visiwa vya Karibi. Kuna ibada, gwaride, chakula na hadithi za koo, na kwa siku chache Nicodemus huwa na watu kuzidi mji wa Bogue. Uzao huohuo ndio uliosukuma serikali ya shirikisho iyatambue makazi kuwa alama ya kihistoria mwaka 1976, na eneo la kihistoria la taifa mwaka 1996. Majengo matano yanahifadhiwa: makanisa mawili, hoteli ya zamani, shule ya mwaka 1918 na ukumbi wa taunishipu wa mwaka 1939, uliojengwa kwa mawe ya chokaa na ambao hupokea wageni.

Mashamba ni suala gumu zaidi kuliko majengo. Mirathi hugawa ekari za babu kati ya warithi wengi waishio mbali, na ni familia chache zinazolima zenyewe. Wakulima weusi kote nchini kwa miaka mingi walibaguliwa katika mikopo, na mwaka 1999 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilifikia maafikiano ya kuwalipa fidia. Wakulima wa Nicodemus na majirani zao wana chama chao, wameuza unga wa ngano yao wenyewe, na wamejaribu hata kupanda tefu, nafaka ya Ethiopia inayovumilia ukame.