Msimamizi wa Sanaa Katika Makavazi: Kazi Yake na Jinsi ya Kuifikia

Kijana anaposema nyumbani kwamba anataka kufanya kazi katika makavazi ya sanaa, wengi hudhani ni kazi ya kufungua milango na kufuta vumbi. Makala haya yanaeleza kazi ya msimamizi wa sanaa ya kisasa, yaani sanaa ya miaka mia moja na zaidi iliyopita, ikiwemo ya wasanii walio hai. Yanaeleza pia kwa nini kazi hii inamhusu mkazi wa kaunti.

Kazi yenyewe ni ipi?

Jukumu la kwanza ni kuchagua. Makavazi hayawezi kununua au kupokea kila kitu. Msimamizi huwatembelea wasanii katika karakana zao, husoma, huuliza wazee, kisha hueleza kwa maandishi kwa nini kazi fulani inafaa kuhifadhiwa kwa niaba ya umma.

Jukumu la pili ni kuweka rekodi. Kila kitu kinachoingia hupewa nambari na faili yake: nani alikitengeneza, lini, kwa vifaa gani, kimepitia mikononi mwa nani, na kilikuwa katika hali gani siku kilipopokelewa. Rekodi hiyo ndiyo kinga dhidi ya wizi, kughushi na ugomvi wa umiliki.

Jukumu la tatu ni utunzaji, akishirikiana na mafundi wa uhifadhi. Michoro ya karatasi na ya rangi za maji huharibiwa na mwanga, kwa hivyo huonyeshwa kwenye mwanga hafifu wa takriban lux 50, tena kwa muda maalum, kisha hupumzishwa gizani. Sanaa ya kisasa ina matatizo yake zaidi. Mkenya Cyrus Kabiru hutengeneza miwani kwa vyuma na vifaa vilivyotupwa; je, kutu ikiingia iondolewe, au ni sehemu ya kazi? El Anatsui, msanii wa Ghana, huunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba hadi vikawa kama shuka kubwa, na huwaachia wanaozitundika waamue mikunjo yake. Mambo kama haya msimamizi humuuliza msanii angali hai na kuandika majibu.

Jukumu la nne ni maonyesho: kupanga kazi ukumbini, kuandika maelezo ambayo mtoto wa shule na profesa wote wataelewa, kuandaa mikataba ya kuazima, bima na usafirishaji, na kutafuta fedha.

Kosa la kuchagua lina gharama gani?

Kenya ina mfano wake. Kila baada ya miaka miwili, mji wa Venice nchini Italia huandaa maonyesho makubwa ya sanaa yaliyoanza mwaka 1895, ambapo nchi nyingi huwa na ukumbi kwa jina lao. Mwaka 2013 ukumbi ulioitwa wa Kenya ulijaa kazi za wasanii wa kigeni, wengi wao kutoka Uchina. Mwaka 2015 orodha kama hiyo ilipotolewa tena, wasanii wa Kenya walipinga hadharani na serikali ikaukana ukumbi huo. Mwaka 2017 Kenya ilirudi Venice na wasanii wake, wakiwemo Peterson Kamwathi, Paul Onditi na Arlene Wandera, chini ya msimamizi Mkenya. Anayechagua kazi za kuonyeshwa huzungumza kwa jina la nchi nzima.

Njia ya mmoja wao

Marehemu Koyo Kouoh alizaliwa Douala, Kameruni, mwaka 1967. Akiwa na miaka 13 alihamia Zurich, Uswisi, ambako alisomea usimamizi wa biashara na benki. Alifanya pia kazi ya ustawi wa jamii, akiwasaidia wanawake wahamiaji. Katika miaka ya 1990 alihamia Dakar, Senegali, na mwaka 2008 akaanzisha huko RAW Material Company, kituo cha sanaa chenye maonyesho, maktaba na mafunzo.

Mwaka 2019 aliteuliwa kuongoza Zeitz MOCAA, makavazi ya sanaa ya kisasa ya Afrika yaliyofunguliwa mwaka 2017 ndani ya ghala la zamani la nafaka jijini Cape Town. Mwaka 2022 makavazi hayo yalifungua maonyesho ya When We See Us, yaliyokusanya picha za karne moja ambamo wachoraji Weusi wanajichora wao wenyewe na jamii zao. Baadaye maonyesho hayo yalipelekwa Basel na Brussels.

Desemba 2024 Kouoh aliteuliwa kuwa msimamizi mkuu wa maonyesho ya Venice ya mwaka 2026, mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kupewa kazi hiyo. Alifariki Mei 2025 akiwa na miaka 57. Kwa kuwa alikuwa ameshaandika mpango wake na kuteua timu, waandaaji walitangaza mwezi huo huo kwamba maonyesho yangeendelea jinsi alivyoyapanga.

Vijana waanzie wapi?

Mfano wa Kouoh unaonyesha kwamba mlango si mmoja. Wengi husomea sanaa, historia au anthropolojia. Wengine hutoka katika sheria, uhasibu au uandishi. Katika sekondari ya juu, kuanzia Gredi ya 10, wanafunzi wanaweza kuchagua mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Vyuo vikuu vya Nairobi na Kenyatta hufundisha sanaa na usanifu. Makavazi makubwa kwa kawaida hutaka shahada ya uzamili, lakini uzoefu wa kujitolea, kuandika na kuandaa maonyesho madogo mtaani huhesabiwa sana. Nafasi za ajira ni chache, na wengi huanza kwa kandarasi za muda mfupi.

Mahali pa kujifunza kwa macho papo. Nairobi Gallery huonyesha mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Nairobi Contemporary Art Institute, iliyoanzishwa na mchoraji Michael Armitage mwaka 2020, ina maktaba na kumbi za maonyesho. Mwaka 2022 ilionyesha kazi za miaka mingi za Sane Wadu, mwalimu aliyeacha chaki akawa mchoraji.

Kaunti na mkazi

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka makavazi, maktaba na shughuli za kitamaduni miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Mkazi anaweza kudai nafasi ya sanaa anapotoa maoni kuhusu bajeti na Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti.

Si lazima kusubiri jengo. Mwaka 1997 moto uliteketeza sehemu kubwa ya mkusanyiko wa Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1965. Mwenye picha au kinyago cha msanii wa eneo lake anaweza kufanya haya leo:

• Apige picha ya kazi hiyo, mbele na nyuma, na kuhifadhi nakala mahali pengine.
• Aandike jina la msanii, mwaka, vifaa vilivyotumika na jinsi alivyoipata.
• Aiweke mbali na jua, moshi na ukuta wenye unyevu.
• Amuulize msanii, kama yu hai, maana ya kazi hiyo, na aandike jibu.

Orodha kama hizo, zikitunzwa vizuri, ndizo msimamizi wa sanaa atakazoanza nazo siku kaunti itakapomwajiri.