Kazi ya Kwanza na Daftari la Karani

Mwombe mtu mwenye miaka hamsini akusimulie siku aliyoanza kazi. Atakuambia alivaa shati gani na alilikopa kwa nani, nani alimwonyesha pa kukaa, chai ya saa nne ililetwa na nini. Kisha mwulize alifanya nini kazini Jumanne ya wiki mbili zilizopita. Atanyamaza. Ninafundisha saikolojia ya kazi na kuwanasihi watu wanaoingia kwenye ajira na wanaokaribia kustaafu, na maswali haya mawili nimeyauliza mara nyingi. Walimu, madereva, wauguzi, mafundi, wote hujibu kwa namna ileile: la miaka thelathini iliyopita liko wazi, la juzi limefutika.

Jambo hili lina historia ndefu ya uchunguzi. Mwaka 1879 Mwingereza Francis Galton alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Aliandika maneno kwenye karatasi, akayatazama moja baada ya jingine, na kwa kila neno akaandika mawazo yaliyomjia. Aligundua kwamba sehemu kubwa ya mawazo yale ilitoka utotoni na ujanani mwake. Karibu karne moja baadaye mbinu hiyo ilifufuliwa na kutumiwa kwa watu wengi, na mwaka 1986 David Rubin na wenzake wawili wa Marekani wakaunganisha matokeo ya tafiti kadhaa. Waliopita umri wa makamo walikumbuka mambo ya karibuni, kama inavyotarajiwa, lakini walikumbuka pia kwa wingi usio wa kawaida mambo yaliyowapata kati ya miaka 10 na 30. Ukichora grafu ya kumbukumbu zao, mstari unapanda hapo kisha unashuka, kama mgongo wa ng'ombe ukimtazama kwa ubavuni. Mimi huiita nundu ya kumbukumbu.

Maelezo ya haraka ni kwamba ubongo wa kijana una nguvu zaidi. Yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi. Robert Schrauf na Rubin waliwahoji wazee waliohamia Marekani kutoka nchi zinazozungumza Kihispania. Waliohama wakiwa vijana wa miaka ishirini na kitu walikuwa na nundu mahali pake pa kawaida. Waliohama wakiwa na miaka thelathini na kitu, nundu yao ilisogea hadi kwenye miaka ya kuhama. Kwa hiyo kinachojaza kumbukumbu ni badiliko la maisha, pale mtu anapolazimika kujifunza upya namna ya kuishi. Na kuanza kazi ni kuhama. Unaingia kwenye nyumba isiyo yako, yenye lugha yake, wakubwa wake, saa zake za kula na miiko ambayo hakuna aliyeiandika.

Mtafiti ninayempenda kuliko wote katika habari hii ni Marigold Linton. Kuanzia mwaka 1972, kwa miaka sita, aliandika kila siku angalau mambo mawili yaliyompata, kila jambo kwenye kadi yake, hata akafikisha zaidi ya kadi 5,000. Kila mwezi alichomoa baadhi na kujipima kama bado anakumbuka. Alikuwa mjumbe wa kamati iliyokutana mara kwa mara katika mji wa mbali. Kikao cha kwanza kilibaki wazi kichwani mwake, na vilivyofuata viliyeyuka vikawa kikao kimoja tu, cha jumla, kisicho na tarehe. Hapo ndipo siri ilipo. Jambo likirudiwa mara mia, akili hutunza utaratibu wake na kuyaacha matukio yenyewe. Siku ya kwanza haina mwenzake wa kuchanganyika naye. David Pillemer na wenzake walikuta hali hiyohiyo kwa wanawake waliosoma chuo cha Wellesley: walipoulizwa miaka mingi baadaye kuhusu mwaka wao wa kwanza, kumbukumbu zao zilirundikana kwenye wiki za mwanzo.

Ongeza hofu. James McGaugh na wanafunzi wake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba homoni zinazotoka mwilini tunaposhtuka, adrenalini ikiwa mojawapo, huusaidia ubongo kulikaza tukio lililotangulia mshtuko. Ndiyo maana kosa la kwanza kazini hukaa kuliko sifa ya kwanza.

Hapa naomba nieleze langu, kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi ya vitabu.

Kazi ya kwanza niliipata Oktoba 2008 kwenye ghala la chama cha msingi cha wakulima wa korosho, huko juu kwenye uwanda wa Makonde mkoani Mtwara. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, chuo sikupata nafasi mwaka ule, na mjomba akaniombea kibarua cha karani msaidizi. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulikuwa kwenye msimu wake wa pili mkoani. Mkulima alileta korosho, zikapimwa, karani akaandika kilo na kumpa stakabadhi, na fedha zilikuja baadaye kwa awamu. Kilo isiyoandikwa ilikuwa fedha isiyolipwa. Karani mkuu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa agizo moja: "Ukishasoma mizani, andika, mwanangu. Usimjibu mtu yeyote kabla hujaandika."

Siku yangu ya kwanza, kama nilivyoisimulia kwa zaidi ya miaka kumi, ilikuwa hivi. Mvua inapiga bati la ghala. Foleni ni ndefu. Mama mmoja analeta magunia matano, mtu ananiita pembeni, ninageuka, ninaandika manne. Jioni magunia yaliyo ghalani yanazidi ya kitabuni kwa moja. Mzee anapitia kurasa hadi anapata kosa, anakunja uso, anaandika stakabadhi sahihi, ananikabidhi na kuniamuru niipeleke kijijini kwa yule mama usiku uleule, peke yangu, nikamwombe radhi. Hadithi hii nimeitoa darasani mara nyingi. Mzee wa hadithi yangu alikuwa mtu mkali, asiye na huruma, aliyenifunza kazi kwa kunitupa gizani.

Miaka michache iliyopita, tukimhamisha mama yangu nyumba, nikakuta kwenye sanduku lake daftari dogo la kurasa 48. Mwandiko ni wangu. Ukurasa wa kwanza: Jumatatu, 13 Oktoba. Nimeandika kwamba kulikuwa na vumbi, kwamba nilifagia ghala na kupanga vitabu, kwamba mzee alinigawia muhogo wake wa kuchoma. Mvua haitajwi mpaka Desemba, na mtu yeyote wa Mtwara angeniambia hivyo bila daftari. Habari ya yule mama iko wiki ya tatu. Magunia niliyoyasahau yalikuwa mawili. Na mstari wa mwisho wa siku ile unasema: "Tumekwenda na mzee. Goti linamsumbua, tumepumzika mara nyingi njiani. Kaongea yeye, mimi nimenyamaza."

Nilikaa sakafuni na lile daftari kwa muda mrefu. Mtu aliyetembea na goti bovu usiku ili nisiaibike peke yangu, nilikuwa nimemwondoa njiani. Nilikuwa nimemsema vibaya mbele ya mamia ya wanafunzi, na kila neno nililiamini. Alikuwa amekwisha kufariki.

Kitaalamu hakuna cha ajabu hapo. Mwaka 1932 Frederic Bartlett wa Cambridge alichapisha kitabu kilichobadilisha uelewa wetu wa kumbukumbu. Aliwapa wasomaji Waingereza ngano ya watu wa asili wa Amerika Kaskazini, kisha akawataka waisimulie baada ya muda, tena na tena. Kila mara ngano ilifupika, yaliyokuwa mageni yakaondoka, na sababu ambazo hazikuwamo zikaingizwa ili kisa kieleweke. Bartlett alihitimisha kwamba kukumbuka ni kujenga upya. Tunachukua vipande vilivyobaki, tunaviunga kwa kile tunachodhani lazima kilikuwa hivyo, kisha safari nyingine tunakumbuka kile tulichounga. Ndivyo mvua ya Desemba ilivyohamia Oktoba yangu: ghala lenye mvua ni zuri kusimulia. Na kijana aliye peke yake gizani husikilizwa zaidi kuliko kijana anayemfuata mzee anayechechemea. Uwazi wa picha kichwani si ushahidi kwamba picha ni ya kweli. Hili wengi hulikataa wakilisikia, nami nililikataa kwa moyo ingawa nilikuwa ninalifundisha.

Kuna jambo la pili linalofanya kumbukumbu za kazi za mwanzo zitudanganye, nalo lina madhara kwa watu wengine. Richard Walker, John Skowronski na Charles Thompson walikusanya tafiti za watu walioandika matukio yao na kuyapima upya baada ya miezi au miaka. Hisia mbaya zilizoandamana na tukio zilififia haraka kuliko hisia njema. Tukio lenyewe mtu analikumbuka, ila uchungu wake umepungua. Kwa mtu aliyeumizwa hii ni neema, na kumsimulia mwingine huharakisha neema hiyo. Kwa wenye msongo mzito wa huzuni neema hii hupungua, ndiyo maana wao huhitaji kusaidiwa na si kuambiwa wasahau. Lakini tazama kinachotokea ofisini. Bosi wa leo, aliyefokewa mbele za watu miaka ishirini iliyopita, analikumbuka tukio bila kichomi chake. Anasema, "Sisi tulifokewa, na ndiyo maana tumekuwa watu." Anamfokea kijana. Ushahidi anaoutoa ni wa moyo uliokwisha kupoa. Haufai kuwa kipimo cha anachokisikia mtu aliyeanza kazi Jumatatu iliyopita.

Yule anayeanza naye ana shida yake. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kwa silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alikuta kwamba baada ya saa moja zaidi ya nusu ya alichojifunza kilikuwa kimepotea, na baada ya siku moja kama theluthi mbili. Baada ya hapo upotevu ulipungua kasi. Taarifa za siku ya kwanza kazini, kwa mgeni, hazitofautiani sana na zile silabi: majina ya watu thelathini, neno la siri la kompyuta, fomu ya likizo, nani anaidhinisha nini. Taasisi nyingi hummwagia mgeni haya yote asubuhi moja, halafu zinashangaa anapouliza tena Ijumaa. Ebbinghaus huyohuyo alionyesha kwamba marudio yaliyotawanywa kwa siku kadhaa hushika kuliko marudio ya mkupuo mmoja. Mpe mgeni machache, mrudie kesho, mrudie wiki ijayo.

Na kile kitakachopotea kwanza ndicho chenye thamani kubwa mbele ya sheria. Nimekutana na vijana wengi wanaokumbuka rangi ya kiti walichokalia siku ya usaili na hawakumbuki walikubaliana mshahara gani kabla ya makato. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi kwa maandishi, anapoanza kazi, maelezo ya kazi yake, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na malipo pamoja na namna yanavyokokotolewa. Mfanyakazi asipoyaelewa, mwajiri anawajibika kuhakikisha anaelezwa kwa namna atakayoielewa. Mgogoro ukitokea na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa ni wake. Anayeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huko ataulizwa tarehe, kiasi na nani alisema nini, na bila karatasi atajibu kwa kumbukumbu ileile iliyohamisha mvua yangu.

Kwa hiyo, wewe unayeripoti kazini wiki hii, nunua daftari dogo na uliache nyumbani. Kila jioni, kabla hujalala, andika mistari mitano kwa mwezi wa kwanza mzima: tarehe, uliagizwa nini, ulikosea wapi, nani alikusaidia, nani alikaa nawe. Andika na mambo madogo, muhogo uliogawiwa na hali ya hewa, kwa kuwa hujui ni lipi utakalolihitaji. Mkataba wako upige picha, nakala uitunze mahali pengine.

Na wewe uliyeanza kazi zamani, kama aliyekufundisha bado yu hai, mpigie simu. Mwamkie, kisha mwombe akusimulie siku ile ilivyokuwa kwa upande wake.